Jiwe la Kiruruma na Nguo ya Ma Koku

Nyakahanga, Karagwe
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Naiandika shikamoo hii nikiwa nimekaa wima, maana ungekuwa hapa ungenitazama kwanza nimekaaje. Hujambo? Goti lako la kushoto linasemaje na baridi ya mwezi huu? Natumaini dawa ya kuchua niliyompa yule dereva wa lori ilikufikia na hakujichua yeye njiani. Maharage ya bondeni mmevuna, au nyani wamewahi kama kawaida yao? Mimi ni mzima. Nakula, homa sina, meno yote yapo. Ukiambiwa mwandiko wangu unacheza, ni kwa sababu ya meza hii, ina mguu mmoja mfupi, na mimi fundi mzima sijaitengeneza.

Barua yako nimeipata. Umesema ulisimama kwenye kikundi cha kina mama kanisani ukawaambia mwanao Elia anajenga hoteli ya Wazungu huko Karagwe, na kwamba amebuni nyumba ya mazoezi isiyo na hata kipande cha chuma, na kwamba mama Mchungaji alipiga vigelegele. Mama, nakuomba kwa heshima zote: acha. Jumapili ijayo usiseme neno. Wakikuuliza, waambie mwanangu ni mzima, anasalimu, basi. Nitakueleza kwa nini. Na wewe Zawadi, mdogo wangu unayemsomea, nakujua tabia yako ya kuruka mistari ukiona mambo mazito. Soma yote. Ukiruka mama atajua tu, sauti yako hubadilika.

Mama, huku tangu wakimbizi waingie kutoka ng'ambo ya mto, kumejaa watu wa mashirika. Magari meupe yanapita kutwa, na vumbi lake tunalila na ndizi. Watu hao wanataka pa kulala, wanataka maji ya moto, na jioni utawaona wanakimbia barabarani kama wamefukuzwa na mbwa. Sasa kuna tajiri mmoja wa kahawa, Bwana Projestus, mzaliwa wa huku huku, alikuwa na kilima chake pale Kiruruma. Akasema atajenga loji. Akasikia kuna fundi Msambaa anayechonga vizuri, akaniita.

"Fundi," akaniambia, "vyuma wanavyo kwao. Mimi nataka jimu ya porini. Mti, jiwe, kamba, nyasi. Mgeni akiingia asikie yuko Karagwe. Nikiona msumari unang'aa, nakung'oa wewe."

Nilicheka. Nikadhani ni utani wa matajiri. Kumbe mtu yule hajui utani, anajua kucheka tu.

Akaniahidi kwamba jimu ikipendeza siku ya ufunguzi, nyumba zote kumi na nane za loji nitazijenga mimi. Kazi ya miaka miwili, mama! Mimi niliyekuja huku kutengeneza madawati ya shule. Siku ile nilitembea kutoka Kiruruma hadi hapa Nyakahanga kwa miguu na sikusikia njia. Nilikuwa nimeshakujengea wewe nyumba kichwani, na bati, na jiko lisilofuka moshi.

Basi nikafanya kazi. Na nikwambie bila aibu, ilikuwa kazi nzuri. Nilisimamisha msonge mkubwa kama zile nyumba za zamani za huku, ila bila ukuta, ili mtu akinyanyua mzigo aone bonde lote hadi mashamba ya Ihembe. Nguzo ni misambya, mti wa huku usioliwa na mchwa. Chini nikatandika nyasi. Badala ya vyuma vya kunyanyua nikachukua mawe ya mtoni, nikayapanga kwa uzito, madogo ya wanawake hadi lile moja kubwa ambalo mafundi waliliita Jiwe la Kiruruma, linalomtoa kijana jasho. Kamba za kupanda nikasokota kwa nyuzi za migomba. Mabenchi nikayajaza majani makavu ya migomba, na gunia la kupiga ngumi nikalijaza makapi ya kahawa. Usiku nilikuwa naota vipimo.

Tatizo likawa hilo gunia. Gunia lenyewe ni la katani, likionekana ni gunia tu la gengeni. Nikalivika ngozi ya ng'ombe, ikanuka, na asubuhi nikakuta mbwa wameirarua. Turubai bosi hataki. Ufunguzi unakaribia, wakubwa wa wilaya wamealikwa, na mimi nina kitu katikati ya jimu kinachoning'inia uchi.

Hapo ndipo nikamkumbuka Ta Kaijage.

Huku mzee wa heshima huitwa Ta, na mama wa heshima huitwa Ma. Ta Kaijage na mkewe Ma Koku shamba lao liko chini tu ya kilima cha loji. Tangu siku ya kwanza walinipokea. Sikuwa na pa kupikia, Ma Koku akasema mtoto wa watu hawezi kula mikate mikavu kama askari, nikawa nakula kwao. Ndizi na maharage, msimu wa senene wananibakizia kopo zima. Kiswahili chake cha kuokoteza, nusu Kinyambo, lakini kunitania anajua. "Fundi, unajenga nyumba haina ukuta. Kwenu Usambara ukuta hamna?" Anacheka mpaka anakohoa. Alikuwa na kikohozi hicho tangu nilipofika.

Ubavuni mwa nyumba yao kuna mti, mtoma. Ta Kaijage alikuwa akiuambua gome, analigonga kwa nyundo ya mti siku nzima hadi linakuwa nguo, nyekundu ya udongo, laini. Shina analifunga majani ya mgomba kama kidonda, gome liote tena. Nguo hiyo wanaita lubugo. Zamani ndiyo waliyovaa. Sasa hivi wazee wanazikiwa nayo, na hilo, mama, nililijua. Sitaki useme mwanangu alikuwa mgeni, hakujua. Ta Kaijage aliniambia kwa kinywa chake, akanionyesha pale darini juu ya moshi, imekunjwa. "Hii ya mama yako huyu," akasema, akimwonyesha Ma Koku. "Ya kwangu nilimzika nayo mdogo wangu. Na mimi mkono siku hizi hauna nguvu ya kugonga nyingine."

Nilijua, na nikaiomba.

Nilimwambia, "Ta, niazime. Kuna dereva anakwenda Masaka kila Alhamisi, kule Uganda zinauzwa sokoni. Nitakuletea mpya, nzuri zaidi, kabla hujaihitaji."

Akakataa. Akatikisa kichwa, akatazama pembeni. Ningeishia hapo ningekuwa mtu. Lakini Ma Koku, pale alipokuwa akimenya ndizi, akasema, "Mpe mtoto. Katoka mbali kutafuta. Mimi siondoki leo." Halafu akacheka, na kikohozi kikamshika, na mumewe akapanda juu akaishusha.

Ahadi ni deni, ulitufundisha wewe. Basi sikiliza nilivyolipa. Yule dereva nilimwona kila Alhamisi. Alhamisi ya kwanza nilikuwa juu ya paa, nikasema wiki ijayo. Ya pili nilikuwa na hasira na mafundi. Ya tatu nilikunywa naye chai, tukapiga soga za mpira, akaondoka, na sikumwagiza. Sikumwagiza kamwe, mama. Si kwamba nilishindwa. Nilisahau, halafu nikakumbuka, halafu nikazoea.

Siku nilipolivika gunia lile lubugo na kulitundika, mafundi wangu walikuwa wakila. Waliacha kula. Mmoja akabeba sahani yake akaenda kukaa juani. Msimamizi wao, Byamungu, mtu mpole, akanisogelea. "Fundi, umetundika maiti." Nikamwambia aache ushamba, watu siku hizi wanazikwa kwa shuka na sanduku, sisi sote Wakristo hapa. Akaniangalia. "Sawa, fundi," akasema, na tangu siku hiyo akawa ananiita fundi tu, jina langu hakulitaja tena. Bwana Projestus naye alipofika akalishika lile gunia, akalipapasa, akaangua kicheko kirefu. Yeye ni wa huku, anajua lubugo ni nini kuliko mimi. "Ya nani hii?" akauliza. Nikamwambia ya Ma Koku. Akacheka tena mpaka akafuta macho. Baadaye Byamungu akanieleza: Ta Kaijage alimkatalia bosi kipande cha shamba ili barabara ya magari ipite, kwa kuwa makaburi ya wazazi wake yapo pale. Bosi hakusahau.

Wiki ya ufunguzi Ma Koku akazidiwa. Vijana wakambeba kwa machela hadi hospitali. Nilikwenda kumwona mara moja, nimeshika machungwa. Alikuwa amekuwa mdogo. Akaniuliza, "Nyumba imepata ukuta?" Nikasema bado. Sikukaa. Nilikuwa na nyasi za kutandika.

Akafariki Ijumaa. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi.

Habari nilipata asubuhi, kwa Byamungu, na hakuniambia kitu kingine chochote, wala hakuhitaji. Maiti ilikuwa nyumbani, watu wamekaa, kaburi linachimbwa mgombani. Nikaenda kwa Bwana Projestus. Nikamweleza, nikamwomba nilivue lile gunia, nilivike hata blanketi. Akawa anafunga tai mbele ya kioo. "Leo?" akasema. "Wakubwa wako njiani. Ukiivua ile nguo leo, vua na viatu vyako, uondoke nyuma ya shamba. Zile nyumba kumi na nane wapo wanaozitaka." Nikasema sawa, bosi. Hivyo tu. Ungekuwepo ungenizaba kofi, na ungekuwa na haki.

Wageni wakaja. Soda, mbuzi wa kuchoma, ngoma ya wanafunzi. Nilikuwa nimebuni shindano la kuchangamsha: mtu abebe Jiwe la Kiruruma kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kamba ya mgomba iliyolazwa chini, hatua ishirini. Bwana mmoja wa wilayani, tumbo hili hapa, alilitikisa tu akaliacha, watu wakacheka. Kijana mmoja Mzungu alilifikisha, akapigiwa makofi. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa mwisho na kuishika ile kamba isisogee.

Ndipo nikamwona Ta Kaijage anapanda kilima. Mfiwa haondoki msibani, mama, huku kama kwetu. Mtu akimwacha mkewe ndani amelala hivyo na kutoka barabarani, watu wanajua hana la kufanya. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Projestus, akavua kofia, akasema kwa Kinyambo, polepole, na mimi kwa miezi ile nilishajua ya kutosha kuelewa. Alisema mke wake anasubiri, anaomba nguo yake.

Wageni wakanyamaza kidogo, wakidhani mzee anatoa baraka. Mwanamke mmoja Mzungu alikuwa analipiga lile gunia ngumi ndogo ndogo, anacheka na mwenzake. Ta Kaijage aliona.

Bwana Projestus akamshika bega kama rafiki. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mtu asikie: "Mzee, hapa ni mahali pa mazoezi. Cha bure hakuna. Beba lile jiwe mpaka kwenye kamba, uchukue nguo yako." Kisha akawageukia wageni akawaambia kwa Kiingereza kwamba huu ni mchezo wa asili wa huku na kwamba wazee ndio mabingwa. Wakapiga makofi.

Mzee wa miaka sabini na ushee, mama. Usiku kucha hajalala. Nilidhani atageuka aondoke, na nilikuwa naomba ageuke, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Hakugeuka. Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya benchi. Akachuchumaa, akalikumbatia lile jiwe, akakaa hivyo muda, halafu akainuka nalo. Sijui aliinuka vipi. Mimi ndiye niliyelichagua jiwe lile, nililipima kwa vijana watatu.

Akaanza kuja. Miguu inatetemeka, magoti yamefunguka, anakuja. Watu wanahesabu hatua kwa sauti, wengine kwa Kiingereza. Alipofika kumi na tano nikamsikia Bwana Projestus nyuma yangu, sauti ya chini, ya kawaida kabisa: "Fundi, sogeza kamba."

Nikaisogeza.

Ndiyo, mama. Zawadi, usinyamaze, soma. Niliishika ile kamba kwa mikono yangu miwili nikarudi nayo nyuma hatua tano. Watu wakapiga kelele za furaha, wakadhani ndiyo sheria ya mchezo. Ta Kaijage akafika pale ilipokuwa, akatazama chini, hakuna kamba. Akainua macho, akaiona mbele. Akaendelea. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama, na mate yanamtoka pembeni ya mdomo. Bado hatua mbili.

"Tena," bosi akasema.

Nikasogeza tena.

Unajiuliza nilikuwa nafikiri nini. Nilikuwa nafikiri nyumba kumi na nane. Haki ya Mungu, nilikuwa nazihesabu. Nilikuwa najiambia nikipata kazi nitamjengea Ta Kaijage kaburi zuri la saruji, nitamlipa kwa namna yoyote, leo tu anisamehe. Loo, mtu akitaka kufanya ubaya hakosi la kujiambia.

Ta Kaijage akasimama. Alilishusha lile jiwe polepole, hakulitupa, akaliweka chini kama mtu anayemlaza mtoto. Akajishika kiuno, akanyooka kidogo kidogo mpaka akasimama wima. Hakumtazama Bwana Projestus. Alinitazama mimi, niliyekuwa bado nimechuchumaa na kamba mkononi, na akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, ili nielewe:

"Fundi, umeinama sana leo. Pumzika."

Akachukua koti lake, akashuka kilima. Wageni walimpigia makofi hadi alipopotea migombani. Yule mwanamke alimpiga picha.

Bwana Projestus akanipiga mgongoni. "Wewe ni mtu wangu," akasema. "Jumatatu tuandikiane zile nyumba." Kisha wote wakaenda kula mbuzi.

Nilikaa pale kwenye nyasi sijui muda gani. Halafu nikachukua ngazi na kisu. Nilikata kamba, gunia likaanguka, nikapasua mshono wangu mwenyewe, makapi ya kahawa yakamwagika yote juu ya nyasi. Bosi aliniona kutoka mezani, akainuka, mdomo umejaa nyama, akanitukana tusi ambalo sitaliandika kwa kuwa msomaji ni Zawadi. Sikumjibu. Ningependa nikwambie nilimjibu. Nilikunja ile nguo nikakimbia.

Nilikuta wanafukia. Majirani wamezunguka, majembe mawili yanafanya kazi. Nikamuuliza Byamungu wamemzika na nini, akaniambia na shuka, shuka ya maua ya binti wa Ma Koku. Nikasimama pale na lubugo mikononi, imejaa vumbi la kahawa, natoka jasho. Wimbo ukakatika. Nilitaka mtu anipige. Hakuna aliyenigusa. Walinipisha njia mpaka kwa Ta Kaijage, na hilo lilikuwa baya kuliko fimbo.

Nikapiga magoti. Nikamnyooshea ile nguo. Nikasema tu, "Ta, hii hapa."

Akaitazama. Akaigusa kwa kidole kimoja, pale juu, palipotobolewa na kamba za kutundikia.

"Mama yako yu hai?" akaniuliza.

Nikasema, "Yu hai, Ta."

"Ana nguo yake?"

Nikasema hana.

"Mpelekee," akasema. Akaokota udongo, akautupa kaburini, na wale wa majembe wakaendelea.

Sikujua kama ni laana au ni zawadi. Mpaka leo sijui. Nilimuuliza Byamungu, akasema mambo ya wazee hawezi kuyasemea. Baada ya maziko wakanikalisha pamoja na watu, wakaniletea maji ya kunawa, wakaniwekea ndizi mbele yangu kwenye jani, kama mtu mwingine yeyote. Nilikula. Nilishindwa kukataa na nilishindwa kumeza.

Sasa niko hapa Nyakahanga, kwenye karakana ya fundi mmoja Mlutheri mwenzetu, natengeneza vitanda na milango. Kwa Bwana Projestus sikurudi, hata randa yangu imebaki kule. Nasikia ameleta gunia la turubai kutoka Mwanza na wageni hawakuona tofauti. Nyumba kumi na nane anajenga mtu mwingine. Yako ya bati sitaijenga mwaka huu, mama, wala mwakani. Kwa Ta Kaijage nimekwenda mara mbili. Mara zote yuko nje, amekaa karibu na mtoma wake, ananijibu salamu, ananiuliza kazi inaendaje. Hanifukuzi. Nyundo yake ya kugongea gome nimeikuta imewekwa kwenye kuni.

Ndiyo maana nikasema usijisifu kanisani. Wakipiga vigelegele wananipigia mimi niliyeshika kamba.

Nisalimie mjomba Daudi, mwambie ule msumeno wake bado ninao na ndio unaonilisha. Shangazi Eliaichi, na mwambie asimwoze Zawadi kwa mtu yeyote mpaka nimwone mtu huyo kwa macho yangu. Babu mlinzi wa shule, shikamoo yake. Jirani yetu mama Hilda, kama bado mmenuniana juu ya mpaka wa mahindi, msalimie hivyo hivyo. Na mama Mchungaji, salamu bila maelezo.

Barua hii anakuletea Mwalimu Hoza, mtu wa kwetu anayefundisha huku, anakuja likizo. Mkaribishe chai. Atakukabidhi na furushi moja lililofungwa kwa kamba. Lifungue chumbani kwako, si mbele za watu.

Ni lubugo ya Ma Koku. Nimeikung'uta makapi nilivyoweza, kufua haifuliwi. Juu ina matundu manne, na katikati pameng'aa kidogo kwa ngumi za watu. Hakuna mtoto anayemtumia mama yake sanda, najua, na nimekaa nayo wiki sita nikijaribu kutoituma. Nilifikiria kuichoma. Nilifikiria kuifukia usawa wa kichwa cha yule mama, bila ya mtu kujua. Lakini Ta Kaijage nilimvunjia neno mara moja, na kamba nikamsogezea mara mbili. Akaniambia nikupelekee, na hili sikuweza kumkatalia. Ukitaka kuirudisha, irudishe kwa Mwalimu Hoza. Ukitaka kunilaani, una haki kuliko yeye. Ila kabla hujaamua, mama, itandaze kitandani uipapase kidogo. Ni laini. Aliigonga mumewe mwenyewe, na yeye akampa mtoto wa watu.

Ni mimi mwanao,
Elia, niliyesogeza kamba.